Tonge la Jirani

Usiku wa kuamkia arusi ya Mgeni
Sinashari alikata kamba,
akaingia uani kwetu kwa adabu zake zote
akala nusu gunia la mchele
uliokwisha pepetwa na kuchaguliwa mawe.

Asubuhi tukamkuta amesimama kama kabati.
Pua kavu. Ubavu wa kushoto umetuna,
na lile taya lisilopumzika miaka sita,
taya la kusaga usingizi wake mwenyewe,
limetulia.
Mume wangu akamnywesha mafuta ya nazi.
Mjomba Shaame akaleta kombe.
Ng'ombe akatutazama tu.

Alasiri akaja Mize Khatibu, bibi mifugo wa Wete,
pikipiki imepakaa udongo wa Minungwini hadi kwenye taa.
Akatega sikio ubavuni, akatega sana,
sura ya mtu abishaye hodi nyumba iliyohamwa.
"Wamekufa," akasema.
"Nani?"
"Wenyewe."

Ndipo akatwambia, huku akiosha mikono,
kwamba ng'ombe hajui kula majani.
Anajua kuyang'oa, na kuyabeba.
Ndani mna mji,
wakaazi wasioonekana kwa jicho,
wengi kuliko mchanga wa Vumawimbi,
hawana taa, hawana hewa wala hawaitaki,
na wao ndio wapishi.
Yeye huwapa joto, na giza, na mate ndoo kwa ndoo;
wao humvunjia ukoka mgumu
wakamtolea maziwa tunayosema ni yake.
"Mchele wenu umeuchachusha mji mzima.
Sindano ninayo, lakini sindano haizai mji.
Mbegu itoke kwa ng'ombe mwengine,
anayecheua."

Tukanyamaza.
Wa karibu alikuwa mmoja,
ng'ombe wa Riziki Kombo, nyuma ya ua wa michongoma,
na mie na Riziki,
tangu Sinashari ammalizie mihogo yake,
mwaka wa pili huu hatusalimiani.
Chumvi naazima nyumba ya tatu.

Utaanzaje? Utabisha hodi useme
naomba tonge, wala si la jikoni,
ni hilo lililo kinywani mwa ng'ombe wako?

Nilisema hivyo hivyo.
Riziki alikuwa akikuna nazi. Hakuacha.
Akamaliza kifuu, akakigonga, akainuka,
akamshika ng'ombe wake pembe,
akangoja koo lipande,
akatia mkono hadi karibu na kiwiko
akalitoa: la kijani, linafuka moshi,
linanuka kama hamira iliyokesha.
Akalitia kwenye bakuli langu.
Uso wangu hakuutazama.
Akarudi mara ya pili, na ya tatu, bila kuombwa.

Tukalikoroga kwa maji ya uvuguvugu,
tukalichuja kwa kipande cha kanga
ambacho jina lake limekwisha fubaa,
tukamnywesha Sinashari kwa chupa ya sharubati,
mji mzima, shingo juu, funda kwa funda.

"Hata weye unao," Mize akaniambia, akifunga boksi lake.
"Mtoto hukaribia kuzaliwa mtupu. Wa kwanza humpata njiani, kwa mamaye."
Nikajishika tumbo
kama mwenye nyumba aliyesikia wapangaji wakikohoa.

Arusi ilipita. Tulipika mikate.

Usiku wa tatu nililaza sikio ubavuni.
Hakuna kitu.
Kisha kitu, mbali,
kama pipa tupu likivingirishwa nyumba ya pili.
Kisha tena.
Kisha nikaliona tonge likipanda shingoni,
uvimbe mdogo chini ya ngozi, mbio,
na taya likaanza.

Nyuma ya michongoma mtu akakohoa.
"Kacheua?"
"Kacheua."
Kimya. Kandambili zikakwaruza mchanga,
zikaenda, zikasimama.
"Mihogo yangu," akasema Riziki, "sijaisahau."